Mashine Iliyompa Delphin Ndugu Kumi na Wanane

Katika Rusizi nzima, tangu Ziwa Kivu lipate maji, hajawahi kuzaliwa mtu mwenye akili kama Delphin Tuyishime. Habari hizi ni za uhakika. Nimezipata kwa Delphin mwenyewe.

Alikulia Bukavu, upande wa Congo, akasoma huko, na wazazi wake waliporudi Rwanda naye akarudi na diploma moja, kompyuta moja na maneno magunia matatu. Anakaa Nkanka, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Sisi wengine tunalima mihogo na kuvua sambaza, dagaa wa ziwani. Delphin anafikiri. Kazi ngumu hiyo, msione mchezo! Asubuhi utamkuta mlangoni anafikiri, jioni utamkuta palepale, amechoka hoi.

Basi Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi tulimaliza umuganda, ile kazi yetu ya pamoja. Tulikuwa tumefyeka njia ya kwenda ziwani na majembe yalikuwa bado mikononi. Mkutano ulipoanza, Delphin, ambaye jembe lake lilikuwa safi kuliko sahani ya sikukuu, akasimama.

"Ba papa na ba maman, naleta proposition! Tutajenga jukwaa huria la data zilizounganishwa kwa maendeleo yanayoongozwa na jamii!"

Alisema yote hayo kwa pumzi moja. Tukapiga makofi kwa ajili ya pumzi.

Maman Nyirahabimana, mama wa watoto saba, akainua mkono. "Delphin, ile jukwaa iko ya mbao ao ya chuma?"

"Iko ndani ya ordinateri, Maman."

"Sasa itatubebea sambaza namna gani?"

Delphin akacheka kile kicheko cha waliosoma, kinachotokea puani. Akatueleza. Kila mtu, kila shamba, kila mtumbwi na kila chemchemi vitaandikwa kwenye kompyuta, na kila kitu kitaunganishwa na mwenzake: mtumbwi huu ni wa fulani, fulani ni mtoto wa fulani, na wote wanachota maji mahali fulani. Kijiji kitaona chenyewe wapi pana shida, kitaamua chenyewe, na wafadhili wataleta msaada moja kwa moja hapo.

Na nikiwa mkweli, wazo lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililoniuma, maana lilikuwa mikononi mwa Delphin.

"Na nani ataamua?" nikauliza.

"Nyinyi! Jamii! Miye nimeshaamua yote, nyinyi mutaitikia tu."

Programu yenyewe hakuitunga yeye. Aliichukua kwenye mtandao, nayo ilikuwa ya bure. Walioitengeneza waliacha mlango wazi, kila mtu aingie, aone ilivyo ndani, abadilishe chochote kisichomfaa. Delphin akaingia kwa mlango huo, akatazama kushoto na kulia, akabadilisha kitu kimoja. Aliweka picha yake mwanzoni.

Kumbe palikuwa na kitu cha pili cha kubadilisha. Programu ile iliandikwa ng'ambo, na huko baba, mama na watoto wote wanabeba jina moja la nyumba. Kwa hiyo mashine ilitafuta familia kwa kulinganisha majina. Waliofanana majina, basi ni kaya moja! Kwetu kila mtoto anapewa jina lake mwenyewe. Baba anaweza kuwa Sibomana, mtoto wa kwanza Hirwa, wa pili Uwamwezi, na hakuna anayeuliza. Delphin alilijua hili vizuri, maana baba yake mzazi ni Sibomana. Lakini mtu anayefikiri sana hapati nafasi ya kukumbuka.

Akaandika majina yetu na ya jirani zetu wa Gihundwe na Rwimbogo wiki mbili nzima, kisha akatuita tuje kujionea. Maajabu! Mimi Nishimwe nikakuta nimekuwa ndugu wa polisi mmoja wa Gihundwe ambaye nimeshamkimbia mara mbili na pikipiki yangu. Mzee mmoja wa Rwimbogo akapewa mama mwenye umri wa miaka minne. Maman Nyirahabimana akakuta yuko peke yake duniani.

"Batoto yangu saba beko wapi?" akauliza.

"Mashini haioni mutoto hata moja, Maman."

"Nilibazala miye mwenyewe!"

"Maman, mashini haisemake bongo. Labda ulihesabu mubaya."

Eti mashine haisemi uongo, labda alihesabu vibaya! Mwanamke aliyeshikwa na uchungu mara saba! Nilitamani ardhi immeze Delphin pamoja na waya zake.

Tukamwambia asahihishe. Akasema data hazisahihishwi na wenye majembe. Mchumba wake Benitha, mwalimu kule Gihundwe, akamwambia mara mbili, kwa upole, tena akiwa na orodha mkononi: "Delphin, soma kaya namba kumi na mbili." Delphin hakusoma. Wakubwa hawasomi, wanasaini tu.

Nisimwonee lakini. Delphin alimpenda Benitha kweli. Kila Jumapili alikwenda kwa miguu hadi Gihundwe kumwona, yeye ambaye kwenda kisimani tu humwumiza goti. Akimtaja Benitha hata zile sentensi zake ndefu zilikatika. Bila yule msichana, Delphin hana anachofikiria.

Ila ofisi nayo aliipenda. Shirika moja la Kigali lilikuwa linamtuma Madame Chloé kuja kuona jukwaa. Akiridhika, msaada utatoka na Delphin atakuwa kordineta, na ofisi mjini Kamembe, na kiti kinachozunguka. Madame Chloé angefika Jumamosi, siku ileile ya gusaba, yaani sherehe yetu ya kwenda kumwomba Benitha kwao. Mtu mwenye akili za kawaida angeomba tarehe nyingine. Delphin akamwandikia: njoo kwenye sherehe, ujionee jamii ilivyoungana!

Jumamosi ikafika. Mahema mawili Gihundwe yakitazamana, la wageni na la wenyeji. Delphin kiti cha mbele, ndani ya koti langu. Msemaji wetu alikuwa mjomba wake, Papa Muderhwa, aliyevuka mpaka asubuhi kutoka Bukavu. Msemaji wa upande wa Benitha alikuwa Mzee Kabera, mwalimu mstaafu, mwenye miwani mizito na ulimi mwepesi. Familia zote mbili zimekulia Congo, kwa hiyo Kinyarwanda cha heshima kilipoisha, Kiswahili kikaingia.

Sasa desturi yetu ni hii. Wenye msichana hawamtoi hivihivi. Msemaji wao lazima azue vikwazo: hatumjui huyo msichana, tumeshamtoa kwingine, amekwenda utawa. Upande wa pili unabembeleza, watu wanacheka, mwisho msichana anatolewa. Ni mchezo, na kila mtu anajua ni mchezo.

Mzee Kabera akatoa karatasi mfukoni.

"Bageni, karibuni. Lakini tuko na problème kidogo. Hapa niko na karatasi yenye ilitoka kwa jukwaa ya Delphin. Kaya namba kumi na mbili, bantu kumi na tisa. Tuyishime Delphin. Tuyishime Benitha. Kaka na dada! Papa Muderhwa, sisi ni Bakristo. Tutaozesha mutoto na kaka yake?"

Mahema yote mawili yakaangua kicheko. Nani asiyejua kwamba Tuyishime ni jina la kumshukuru Mungu, na wenye kumshukuru ni wengi? Papa Muderhwa akainuka haraka. "Mzee, ile siku mashini ilikuwa imekunywa kasiksi!"

Hapo mambo yangeisha. Pombe ya ndizi imesamehewa makosa makubwa kuliko hayo! Lakini Mzee Kabera hakukaa.

"Tuulize mwenyewe mashini. Delphin, mashini yako inasema kweli, ao inasema bongo?"

Madame Chloé, aliyekaa mstari wa mbele, akafungua daftari.

Delphin akamtazama Madame Chloé. Akaliona lile daftari, akaiona ofisi, akakiona kiti kinazunguka. Akapiga hesabu kuwa mchezo ni mchezo tu na msichana atatolewa kwa vyovyote. Akasimama, akafunga vifungo vya koti langu.

"Mzee, mashini haisemake bongo!"

Kicheko kikakatika. Dirishani kwenye nyumba alimokuwa Benitha, pazia likatikisika kidogo. Mzee Kabera akavua miwani, akaifuta polepole.

"Basi karibu nyumbani, mutoto wetu."

Vijana wawili wa upande wa Benitha wakamshika Delphin mikono, kwa heshima kabisa, wakamtoa kwenye kiti cha bwana harusi na kumvusha hadi hema la wenyeji. Alipotaka kukaa, wakamzuia.

"Kaka ya bibi arusi hakalake," Mzee Kabera akaeleza. "Anagawa chupa."

Wakampa sinia! Delphin akacheka kidogo, akingoja mwenzake acheke. Hakuna aliyecheka. Akaanza kugawa. Akampa mama yake mzazi Fanta, mama akapokea bila kumtazama usoni, kwa aibu. Akampa mjomba wake.

"Asante, mutoto ya bantu," Papa Muderhwa akasema.

Akampa Madame Chloé. "Merci, monsieur le coordinateur," akasema yule mama, na kuandika kitu.

Kisha ng'ombe wa mahari akaletwa. Kwa desturi, vijana wa upande wa msichana ndio wanaokwenda kumkagua. Delphin akatumwa! Ng'ombe aliyemnunua mwenyewe, akamzunguka, akamtazama meno.

"Ukiona kasoro, usiogope kusema," Mzee Kabera akampa moyo. "Weye sasa uko upande yetu."

"Ni... ni muzuri, Mzee."

"Umeona miguu?"

"Nimeona."

"Mutoto mwenye akili! Tunamupokea. Sasa, Papa Muderhwa, ngombe tuko naye, lakini munaombea nani? Sioni bwana arusi."

Papa Muderhwa alikuwa ameanza kukasirika kweli. Amepanda pikipiki, amevuka mpaka, amevaa viatu vinavyombana, na mpwa wake anagawa Fanta! Akageuka nyuma, macho yakatua kwa mtoto wake.

"Niko na Mulume," akasema. "Mulume naye hajaoa."

Na Mulume, shetani yule, alikuwa ameshasimama! Tai ameinyoosha, tabasamu liko tayari, mguu mmoja umeanza safari ya kuelekea kiti cha mbele. Mimi niliyekaa karibu naye nilisikia hata manukato aliyojipaka. Mtu haji na manukato mengi kiasi hicho kwenye sherehe ya binamu.

"Apana!"

Sinia likaanguka. Chupa sita! Fanta ikaruka, ikashukia nywele za Delphin, shingo ya Delphin, na koti langu.

"Apana, Mzee! Mashini inasema bongo! Bongo tupu! Miye si kaka ya muntu hapa! Miye ni mutoto ya Sibomana, na kila muntu kwetu iko na jina yake! Nilijua, sikutaka kusikiliza! Benitha aliniambia mara mbili!" Machozi yakaja kweli. "Na Maman Nyirahabimana iko na batoto saba!"

Nyuma kabisa ya hema letu, Maman Nyirahabimana akasimama juu ya kiti. "Wangapi?"

"Saba, Maman!"

"Rudilia, sikusikia!"

"Saba!"

Watu wakapiga makofi mpaka ng'ombe akataka kukimbia. Mulume akakaa taratibu, kama aliyekuwa amesimama kujinyoosha. Nikasahau koti. Nilimhurumia Delphin, na siku ile ndiyo ya kwanza kumhurumia.

Madame Chloé akafunga daftari. "Delphin, msaada itangoja. Kwanza bantu ya kijiji basahihishe ile jukwaa bo benyewe, jina kwa jina. Baanze na ule Maman. Na ofisi ya Kamembe tuisahau kidogo."

Delphin hata hakugeuka. Macho yake yalikuwa mlangoni, maana Benitha alikuwa ametoka. Amevaa mshanana wa rangi ya dhahabu, vazi letu la sherehe, naye mzuri ajabu. Mzee Kabera akamshika mkono.

"Mutoto wetu, ule kijana unamujua?"

Benitha akamtazama tangu nywele zinazodondoka Fanta mpaka viatu.

"Namujua, Papa," akasema. "Ni ule mwenye anagawa chupa."

Kicheko kikapasuka. Benitha akangoja kiishe.

"Miye nilikuwa naomba citron tangu asubuhi. Hakuna mwenye aliniletea."

Citron, zile Fanta za limau, zilikuwa zimeisha. Delphin akatoka mbio, barabarani, duka hadi duka, watoto wa Gihundwe wakimfuata kwa kelele. Tulingoja nusu saa. Akarudi akihema, akainyoosha chupa kwa mikono miwili.

Ilikuwa ya machungwa.

Benitha akaitazama ile chupa, akamtazama na aliyeileta. Akaifungua, akainywa yote amekunja uso, na akina mama wakapiga vigelegele kwa pande zote mbili. Akamrudishia Delphin chupa tupu, kisha akamgeukia Madame Chloé.

"Madame, kwa ile liste ya kusahihisha," akasema, "huyu pia mumuandike."