Jicho la Bibi na Draiva Mpya

Alhamisi, 12 Juni. Magomeni, Mtwara.

Bibi kaondolewa mtoto wa jicho. Kesho bandeji inatoka. Kasema kitu cha kwanza anachotaka kukiona ni harusi ya mdogo wangu Sabra. Bibi alikuwepo mwezi uliopita, ila aliona ukungu mtupu. Alimpongeza mpishi akidhani ndiye bwana harusi! Bwana harusi mwenyewe, shemeji Selemani, hajasahau mpaka leo.

Video nimepiga mimi, iko kwenye kompyuta yangu tu. Selemani kaomba aihamishie kwenye simu. Thubutu! Sifa zangu nimgawie yeye?

Tatizo: picha inakwama. Sabra anaingia ukumbini mguu mmoja leo, mwingine kesho. Nimenunua kadi ya picha ya mtumba kule Ufukoni. Bado draiva tu, ile programu ya kuiendesha.

Ijumaa, 13 Juni.

Linux, mfumo wa kompyuta yangu, imenishauri niweke draiva ya zamani, ndiyo inayoendana na kadi. Ya zamani? Kwa Bibi yangu? Nimeweka mpya kuliko zote. Bando lote limekwisha. Nimezima, nimewasha. Giza totoro!

Mara Bibi huyo, jicho wazi, kanga mpya. Kakaa mbele ya skrini. Kakodoa. Kauliza, mume wangu (ndivyo anavyonitania mjukuu wake), harusi imeanza? Nikasema imeanza zamani, jicho tu halijazoea, avumilie. Nilitaka dakika chache nitengeneze, basi!

Bibi akaanza kulia. Kasema ukuta anauona, mimi ananiona na nimekonda, ila harusi haioni. Daktari kamtengenezea nusu. Arudishwe hospitali, apasuliwe tena, maana mikorosho yake kijijini inataka dawa ya salfa na nani atapuliza? Roho ikaniuma. Nikakiri kwamba kipofu ni kompyuta. Kanitandika kandambili, analia huku anacheka. Nampenda sana huyu mwanamke.

Jumamosi, 14 Juni.

Sabra kamwita mumewe. Selemani kaja na tabasamu lake lile. Kauliza mashine yenyewe ilishauri draiva gani. Nikakohoa. Katoa mpya, kaweka ya zamani, tena kwa bando lake.

Sabra kaingia ukumbini kwa miguu yote miwili! Bibi kapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Halafu kamtazama Selemani kwenye skrini, kamgeukia Selemani kitini, kasema kumbe ndiye huyu? Mpishi alikuwa mzuri zaidi. Shemeji kanuna! Siku nzuri kabisa.

Jumapili, 15 Juni.

Mchana Bibi anarudi kijijini, Nanyamba. Kaomba aione harusi mara moja tena kabla ya kupanda basi. Nikaona nimuage kwa kishindo. Ile draiva mpya haikuwa mbaya, jamani, ilikosa bahati tu. Intaneti ya simu ya Selemani, aliyelala kwetu, inashika mpaka chumbani kwangu. Nimeiweka tena draiva mpya.

Giza totoro.

Bibi kabisha hodi. Nimemwambia umeme umekatika. Kainua uso, kaitazama feni inavyozunguka juu yetu. Anaiona vizuri sana.