Mpendwa Domo Cherehani

Jumatatu, 3 Juni

Nimedhalilishwa! Miaka kumi na minane nimetunza kumbukumbu za karakana hii ya mafriji na mashine za kufulia. Daftari moja, kalamu moja, kichwa kimoja. Fundi akitaka kujua friji fulani ni la nani, lazima aje chumbani kwangu, asimame mlangoni, aseme samahani mzee. Leo mkurugenzi katukusanya na kutangaza kwamba kila kitu kimehamia mtandaoni. Jedwali moja, wote tunalisoma, wote tunaandika humo. Daftari langu nimelikuta chini ya birika la chai.

Na si hayo tu. Ijumaa atateua msimamizi wa kanzidata, ndilo hilo jedwali kwa jina la kizungumkuti. Atakayeteuliwa atakaa chumba chenye dirisha, yaani CHANGU. Asiyeteuliwa ataenda ghalani kuishi na mafriji mabovu. Mshindani wangu ni binti wa mapokezi, tunamwita Kiberiti kwa udogo wake na kwa anavyowaka. Mchana kaja kupima dirisha langu kwa ajili ya mapazia. Na mimi nimekaa pale pale!

Jumanne, 4 Juni

Mafunzo ya kompyuta. Mwalimu nani? Kiberiti! Nilipoanza kuandika, jina lake likatokea kwenye skrini yangu, ndani ya kijisanduku cha waridi, likizurura kwenye mstari wangu. Nikamwambia atoke mstarini kwangu. Akasema mstari si wangu mzee, ni wetu sote. Wetu sote! Toka hapo nikanuna, sikusikiliza neno jingine. Nimeangalia ukuta mpaka mwisho wa somo.

Mke wangu, nilipomsimulia, akauliza huyo binti kakosa nini hasa. Naye nimemnunia.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata dawa! Kama kila mtu anaweza kulisoma jedwali, nani atanihitaji? Basi lisomeke na mimi tu.

Nimefika kabla ya wote. Nimefuta majina ya wateja arobaini na mmoja, nikaweka niliyotunga mwenyewe, kila mtu kwa tabia yake, ili nisisahau. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani sasa ni Kipara Ng'oto. Yule fundi cherehani anayeahidi kila siku kuja kuchukua pasi yake ni Bwana Kesho. Mama mkwe wa mkurugenzi, ambaye akifungua mdomo hata mafundi huzima redio wakakata tamaa, ni Domo Cherehani. Raha niliyoipata kuyaandika siwezi kuieleza. Chai yangu imepoa na sikujali.

Alhamisi, 6 Juni

Asubuhi: ushindi! Fundi kalitafuta friji la mwalimu mkuu, hakuona jina. Kiberiti katafuta, hakuona. Wote wawili wakaja mlangoni kwangu. Samahani mzee! Nikawaacha wasimame kidogo. Mkurugenzi akapita, akasema inaonekana hili jedwali linahitaji mtu mwenye uzoefu. Nimelipangusa dirisha langu kwa leso.

Mchana: njama! Fundi alimaliza mashine kumi na moja, akaziwekea alama ya Tayari. Kumbe ukiweka alama hiyo, programu yenyewe inamtumia mteja ujumbe, na jina inalichukua humo humo kwenye jedwali. Kiberiti anadai alilisema hilo Jumanne. Jumanne nilikuwa nimenuna! Mtu akinuna, somo halirudiwi?

Wa kwanza kufika alikuwa mwalimu mkuu. Alivua kofia, akainamisha kichwa juu ya kaunta, akauliza kama hicho ndicho kipara tulichokuwa tukikisifia. Kisha akaingia mama mkwe. Simu kaishika mbali na macho, anasoma kwa sauti ya watu mia: "Mpendwa Domo Cherehani, friji lako liko tayari. Tunathamini maoni yako." Akatupa maoni yake. Dakika arobaini, bila kumeza mate! Namuuliza yeyote mwenye haki: nilimsingizia?

Nikasema ni kirusi cha kompyuta. Kiberiti akabofya mahali, na mbele ya mkurugenzi ikafunguka orodha ya kila badiliko, kuanzia saa moja na dakika kumi asubuhi ya Jumatano, na ubavuni jina langu. Mara arobaini na moja! Daftari langu halikuwahi kunisengenya hata siku moja.

Ijumaa, 7 Juni

Kateuliwa Kiberiti. Majina yote kayarudisha kwa kubofya mara mbili. Kiti changu kanibebea mwenyewe hadi ghalani, akaniuliza kama mgongo utastahimili baridi ya huku. Wema wa kuudhi kabisa. Nimeumia, nakiri. Miaka kumi na minane nilikuwa naona barabara, sasa naona mgongo wa mashine ya kufulia.

Mkurugenzi alitaka kunifukuza leo leo. Kiberiti kaniombea. Nimepewa nafasi moja ya mwisho: niwaombe radhi wateja wote arobaini na mmoja, kwa barua ya kila mtu peke yake.

Jumamosi, 8 Juni

Kiberiti kashauri nichukue majina kwenye jedwali lake alilolisafisha. Ashindwe! Nimtegemee mtu aliyeninyang'anya dirisha? Ninayo nakala yangu. Niliihifadhi Jumatano nilipomaliza kazi, iko vile vile, haijaguswa. Na kuandika barua arobaini na moja, moja baada ya nyingine, ni kazi ya watu wasiojua teknolojia. Nimeandika moja, tamu, ya kutoa machozi, nikaiachia programu ijaze majina. Sikuipitia tena. Mimi kazi yangu naiamini. Saa tano na nusu nimebofya Tuma.

Dakika mbili baadaye simu ya mapokezi imeanza kulia, na haijanyamaza. Namsikia Kiberiti: samahani mama, samahani mwalimu. Wateja wanapiga kunishukuru na yeye anawazuia wasinifikie! Wivu huo.

Mkurugenzi anashuka ngazi, anakuja huku ghalani, anakimbia. Hatimaye kaelewa nani anaijua kanzidata hii. Vitu vyangu nimeshavifungasha, nisimcheleweshe.