Vita vya Gololi Chini ya Kabati

Jongeeni, enyi mlioketi na enyi mnaopita, na mwenye chungu jikoni akaepue kwanza, maana habari hii haisikilizwi na mtu mwenye roho mbili. Ni habari ya Fundi Seremala, Simba wa Randa, Mfalme wa Vumbi la Mbao, na siku aliyotokwa jasho kwa ajili ya gololi moja ya kijani.

Gololi ile haikuwa yake. Alipokuwa na miaka saba aliiteka kutoka kopo la dada yake mkubwa, akaapa mbele ya mama yao kwamba hata kivuli chake hakukiona, na dada akachapwa fimbo tatu kwa kupoteza vitu ovyo. Tangu hapo ilikaa kwenye kisanduku cha bati, pamoja na jino lake la utoto na gurudumu la gari la waya. Kila alipokifungua kisanduku, alizisikia upya zile fimbo, na kimya cha dada yake, ambaye hakulia. Sasa miaka sitini na miwili imepita, dada yuko njiani anakuja chakula cha mchana, na Fundi amekula kiapo: leo ataikabidhi, liwalo na liwe.

Akaitoa aifute. Ikamponyoka, ikadunda, ikabingirika, ikaingia chini ya kabati kama mfungwa aliyeona lango wazi.

Na kabati lile, wasikivu wangu, si kabati la mchezo. Alilichonga mwenyewe, likakumbatiana na ukuta bila msumari hata mmoja, na chini akaliachia ufa wa unene wa kidole gumba tu. Kila mgeni alihubiriwa ufa ule.

Fundi akalala kifudifudi, akanguruma: "Ewe kabati, mikono hii ndiyo iliyokuzaa, nikakupiga msasa mara saba. Leo wanilia amana ya watu? Tapika kwa hiari, ama nitakuvamia kwa nguvu."

Mkewe, muuguzi mstaafu, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. "Unaongea na nani huko chini?"

"Na adui."

"Akijibu uniite. Si ulisukume tu?"

"Kabati hili halisukumwi, mke wangu. Nililitengeneza lisisukumwe."

"Basi hongera, fundi. Umejikomoa mwenyewe."

Neno lile lilimchoma kuliko mkuki. Akainuka, akatwaa upapi mwembamba wa mbao, akaupaka nchani gundi ile ya kichupa, inasayo kabla hujamaliza kusema "subiri", akautuma gizani. Kikosi cha kwanza kilirudi na soksi. Cha pili kilirudi na maiti ya mende, akazikwa kwa heshima zote za kijeshi. Cha tatu kikagusa kioo: ti. Fundi akabana pumzi, akahesabu hadi thelathini, akavuta polepole kama mtu ang'oaye jino la sultani, na gololi ikatoka nuruni, imeota ndevu za vumbi.

Papo hapo hodi ikabishwa. Fundi akaibandua gololi kwa vidole vilivyolowa gundi, akaenda kufungua mlango, tumbo lote jeupe kwa vumbi. Hotuba aliyoitunga wiki nzima ikamkimbia.

"Dada. Niliichukua mimi."

Dada akaitazama gololi, kisha akamtazama yeye. "Najua. Ulikuwa unalala nayo."

"Na hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Sikujua kama nitangoja mpaka magoti yaume."

Akaishika gololi, akavuta. Mkono wa Fundi ukaja nayo. Akavuta tena, na vidole vyake navyo vikanasa.

"Mdogo wangu," akasema, "hivi narudishiwa gololi, au napewa pamoja na mwizi wake?"

Mkewe Fundi akaenda kuleta maji ya moto na sabuni, wala hakuharakisha.

Basi enyi wenye kalamu, andikeni, na wasio na kalamu wakariri: adhuhuri ile gololi ilirudi kwa mwenyewe, ngome isiyosukumika ikasalimu amri, na ndugu wawili, ambao miaka yao ukiijumlisha inapita mia na arobaini, wakala chakula kila mmoja kwa mkono mmoja, ule mwingine ungali umenata kwenye gololi, na hakuna aliyemwomba mwenzake amwachie.