Damu Yangu Mliyo Nayo na Kamba Iliyotushinda

Ndugu Msimamizi wa Benki ya Damu,

Salamu nyingi na heshima tele. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na majokofu yako. Mimi si mzima sana, na ndiyo sababu ya kuandika.

Kwa kuwa hunifahamu, naanza kwa kujieleza. Mimi ni mpakiaji katika ghala la kiwanda cha sabuni, na katika timu ya kuvuta kamba ya Ghala mimi ndiye nanga. Nanga ni yule mtu wa mwisho kabisa, ambaye kamba humpita kwapani, ikamzunguka mgongoni na kutokea begani. Wenzake wakiteleza, yeye hang'oki. Kazi hii nimeifanya kwa muda mrefu hata jina langu la kuzaliwa limesahaulika. Mke wangu huniita Nanga. Mama mkwe wangu, ambaye hajanisifu kwa jambo lolote tangu siku ya posa, naye huniita Nanga.

Kila mwaka Ghala hushindana na Uhasibu. Hakuna anayekumbuka ugomvi ulianzaje, lakini adhabu kila mtu anaijua: idara inayoshindwa hukaa nyuma ya foleni ya kantini mpaka mashindano ya mwaka unaofuata. Wahasibu wameshaizoea foleni hiyo, wengine huja na magazeti. Mimi sikuwahi hata kujua inaishia wapi. Mwaka huu, Jumamosi ya mashindano, mlileta hema lenu uwanjani kwetu, mkachukua damu yangu asubuhi, na mchana wa siku hiyohiyo nikavutwa nikavuka mstari. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo.

1. Mahali pa hema. Mlilisimika karibu kabisa na kamba, likiwa na kivuli, viti vya plastiki na juisi baridi. Mtu aliyetoka kupasha misuli moto atapita vipi hapo bila kuketi? Nilipoketi, Dada Muuguzi akanishika mkono, akautazama, akasema hajaona mishipa mizuri kama ile tangu aanze kazi. Ndugu Msimamizi, mimi nina mke, nina watoto, nina shemeji, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusifu mishipa yangu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nami niliposifiwa nikakunja shati mpaka begani. Akaniuliza kama nina kazi yoyote ya nguvu siku ile. Nikamjibu kwamba sina, ni Jumamosi. Mtasema nilimdanganya. Lakini kamba ilikuwa imelala pale nje, ndefu, na yeye ana macho.

2. Sauti ya muuguzi. Kwetu ghalani agizo hutolewa kwa kelele, kwa sababu foklifti hainyamazi, na agizo lisilo na tusi ndani yake huhesabiwa kuwa ni maoni tu. Dada Muuguzi alisema nami kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Akanibandika pamba na plasta, akaniambia nisifanye mazoezi mazito mpaka kesho, nisinyanyue kitu kizito kwa mkono ule, ninywe maji kwa wingi, nile vizuri, na nikihisi kizunguzungu nilale chini niinue miguu. Kwa upole wote huo, mtu angejuaje kwamba jambo ni zito?

3. Utii wangu. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu kiwanda kizima kinasema sikusikia. Nilisikia, tena nilitii neno kwa neno.

Kuhusu mazoezi: mazoezi ni ya watu wa ofisini wanaokimbia barabarani alfajiri wakiwa wamebeba chupa ya maji, wanakwenda mahali ambapo hawana shughuli napo, halafu wanarudi. Mimi sijafanya mazoezi tangu nitoke shule. Kupakia ni kazi, na kuvuta kamba ni heshima ya idara. Dada Muuguzi hakunikataza heshima ya idara.

Kuhusu kunyanyua: kamba hainyanyuliwi. Hata hivyo, kwa tahadhari, nilivuta kwa mkono wa kulia peke yake, na huu wa kushoto mliouchoma nikauacha ukining'inia, kama mgeni aliyekuja kutazama.

Kuhusu maji: niliambiwa ninywe kwa wingi, nami sikuona sababu ya kuyagawa. Nikanywa jagi zima la timu kwa mkupuo mmoja, refa akiwa ameshatia filimbi mdomoni. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni dereva wa foklifti na kwenye kamba husimama mbele yangu, amemwambia nahodha kwamba kila tulipovuta alisikia maji yakicheza nyuma yake. Huo ni ushahidi wa utii wangu, ingawa yeye hakuutoa kwa nia hiyo.

Na kuhusu kizunguzungu, sasa nifike kwenye kidonda. Filimbi ililia, tukavuta. Mwanzoni Uhasibu walikuwa wanakuja, naapa walikuwa wanakuja, viatu vyao vya ngozi vikichora ardhi. Kisha uwanja ukaanza kuinama upande mmoja. Masikio yakanijaa mlio, na macho yakaingia giza. Ndipo nikaikumbuka ile sauti ya upole. Ndugu Msimamizi, nililala chini. Nikainua miguu. Kamba ilikuwa bado imenizunguka mgongoni. Wahenga walituambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakutuambia yatakayompata anayesikia. Timu yangu yote ilinitangulia kuvuka mstari, mmoja baada ya mwingine, nami nikaja wa mwisho kama gunia, miguu ikiwa juu vilevile, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameniambia niishushe lini.

4. Ulaghai wa Uhasibu. Nimefanya uchunguzi nikagundua kwamba kwenye mlango wa hema mlibandika tangazo. Tangazo hilo lasema kwamba mwenye shughuli ya nguvu aimalize kwanza, apumzike, ndipo achangie damu, au achangie kisha asubiri mpaka kesho yake. Wahasibu walilisoma. Wao husoma kila kitu, hata karatasi ya kufungia sabuni. Wakavuta kamba kwanza, wakapumzika, ndipo wakaja kuchangia wakicheka. Mhasibu Mkuu, ambaye ndiye nahodha wao, alilala kwenye kitanda chenu na kombe letu kifuani. Naomba nijibiwe: mnabandikaje tangazo muhimu kiasi hicho mahali ambapo wapinzani wetu wanaweza kulisoma?

5. Madhara. Kantini nakula wa mwisho. Wahasibu wako mbele, na hawana haraka hata kidogo. Wanauliza maharage ya leo yana tofauti gani na ya jana, wanashauriana, wanabadilisha sahani. Nyumbani nikiwaita watoto waje kuosha vyombo, wanalala sakafuni na kuinua miguu. Mke wangu, aliyenisihi asubuhi ile nichangie damu baada ya mashindano, hajasema hata mara moja kwamba alinionya. Ananipakulia mboga za majani, anasema ni za kuongeza damu, kisha anageuka upande wa dirisha na mabega yanamtikisika.

Hayo yote ningevumilia. Lakini Ijumaa timu inakaa kikao cha kuamua nani awe nanga, na shemeji yangu ameonekana akizunguka ghalani na mkia wa kamba begani. Alipoulizwa, alisema anaangalia tu unavyokaa. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndugu Msimamizi, acha niseme bila mzaha. Mimi si mtu wa maneno mengi, sina cheo, na paleti za sabuni ninazopanga hupangwa upya na wengine. Kitu nilicho nacho ni ule mwisho wa kamba. Nikinyang'anywa, sijui nitaitwa nani. Hilo linanitisha kuliko sindano zenu zote.

6. Maombi yangu, ambayo naamini ni ya haki na hayazidi kiasi. Naomba unipatie tamko lenye muhuri, kabla ya Ijumaa, kwamba nilishindwa na sindano na si na wahasibu. Naomba pia kwamba mwakani wahasibu wote watolewe damu asubuhi ya mashindano, wasifiwe mishipa, na kila mmoja apewe jagi lake.

Lakini kubwa kuliko yote, naomba damu yangu irudishwe. Si nyingi, ni mfuko mmoja, na mtautambua bila shida: huenda umeshasukuma mifuko mingine pembeni. Nimelifikiria sana jambo hili. Nguvu ya Ghala ilitoka mwilini mwangu ikaingia kwenye jokofu lenu, na kwa hiyo ni mali ya Ghala iliyo mikononi mwa watu wa nje. Kama mmeshampa mgonjwa, basi nitajiwe jina lake, kwa kuwa huyo kwa haki ni mchezaji wetu, na akipona tutamhitaji kwenye kamba. Hospitali yoyote ambayo mgonjwa wake ameamka ghafla na kuhamisha kitanda ichunguzwe kwanza. Na ikigundulika kwamba damu ile imekwenda kwa mtu wa upande wa Uhasibu, nitahesabu kuwa ni uhamisho wa mchezaji bila idhini ya timu yake, nami nitadai irejeshwe hata kama ameshaizoea.

Nikiwa na imani kwamba suala hili utalichukulia kwa uzito unaolistahili, naishia hapa. Nisalimie Dada Muuguzi na umwambie mishipa inaendelea vizuri. Msalimie mama wa juisi, na dereva wa gari lenu, na yule kijana anayelinda majokofu, ambaye namwomba asilale.

Wako katika upungufu wa damu,

Nanga
Ghala la Kiwanda cha Sabuni

Nyongeza: Ijumaa imefika kabla sijaileta barua hii. Niliingia nayo kikaoni, imekunjwa mfukoni, nikiwa nimejiandaa kuisoma yote kwa sauti. Zamu yangu ya kujitetea ilipokaribia, mlango wa ghala ukafunguliwa, akaingia Mhasibu Mkuu, hana tai, shati limetoka nje, na kombe kalikumbatia. Tukajua amekuja kutucheka. Akasema mkewe alijifungua Jumanne, akavuja damu nyingi mpaka madaktari wakaanza kukimbia. Wakamwongezea mfuko, wakaongeza mwingine, na mwingine tena. Sasa ameketi, anakunywa chai na kumgombeza mumewe kwa kuvaa soksi za rangi mbili. Mtoto ni wa kike na ana sauti. Akasema hajui damu ilikuwa ya nani na kwamba ninyi hamtaji, lakini alikumbuka watu wa Ghala waliokunja mashati siku ile, na hakujua pengine pa kupeleka shukrani. Akaliweka kombe juu ya mizani yetu ya magunia. Kisha akasimama ameshika mlango.

Nami nilikuwa na barua inayodai damu irudishwe. Niliitoa mfukoni taratibu nikaikalia. Walipouliza kama nina la kujitetea, nilisema sina. Nanga sasa ni shemeji, na kusema kweli mkia wa kamba unamkaa vizuri. Iliniuma. Bado inaniuma ninapoandika, lakini si kwa namna niliyoitarajia.

Tenda wema nenda zako, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi nilikuwa njiani kurudi kudai. Kwa hiyo maombi ya namba sita yafutwe. Ukiyatazama vizuri na malalamiko mengine, nadhani nayo yafutwe, isipokuwa maneno ya Dada Muuguzi kuhusu mishipa, ambayo ningependa yabaki kwenye kumbukumbu zenu. Ule uhamisho wa mchezaji nimeuidhinisha, awe ni yule mama au mtu mwingine yeyote. Miezi mitatu ikitimia nitakuja tena, na mke wangu anasema tutakuja pamoja ili asimamie utii wangu. Tangazo nitalisoma mwenyewe mlangoni. Na siku hiyo, mpaka kesho yake, sitavuta hata pazia.