Kadi Tatu za Neno Moja

Jumatatu, 3 Machi
Mungu amenikumbuka! Ofisi yetu ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili imefika herufi S, na Mhariri Mkuu kagawa maneno. Miwani, hasimu wangu wa meza ya pili, kapata neno la maji taka. Mimi nimepata "sexy". Atakayefanya kazi safi hadi Ijumaa ndiye mkuu wa meza ya S. Kiti chenye magurudumu! Nimeshakipima kwa macho. Kinanienea.

Jumanne, 4 Machi
Asili nimeimaliza kabla ya chai. Nomino ya Kilatini yenye maana ya jinsia ilitua kwenye Kiingereza, ikakaa karne kadhaa kwa heshima zake. Kisha, miaka mia na ushei iliyopita, wakaibandika y mwishoni. Mvuto wote ule ni kazi ya herufi moja! Maana ni tatu: anayewaza mambo ya chumbani tu (hii ni ya zamani), mwenye mvuto wa mwili, na kitu chochote cha kutamanisha, hata gari.

Shida ni kadi. Kila maana inataka kadi yenye sentensi ya mtu aliye hai, kazi yake na namba yake ya simu. Nikamuuliza mke wangu angemwita nani hivyo. Akauliza nimekula nini huko. Nikamwambia ni kazi ya ofisi. Akasema basi na chakula cha usiku nikakitafute ofisini.

Jumatano, 5 Machi
Kinyozi kanipa maana ya tatu: kwake "sexy" ni mashine yake mpya ya kunyolea, basi. Ya pili nimeipata kwa fundi cherehani. Kamtaja mteja wake, kisha akanisihi nisimfikishie mkewe. Ya kwanza hakuna anayeijua. Imezeeka! Na Miwani ameshamaliza, anakata kucha kwa madaha.

Nimebuni shahidi. Mjane, mshona mapazia mstaafu, analalamika kwamba jirani yake ni "sexy" kupindukia, hata msibani anasimulia habari za wanawake. Namba nimeweka ya mama mkwe. Simu yake hukaa kabatini ndani ya soksi, na namba ngeni hapokei, anasema ni matapeli. Kichwa changu si cha kufugia nywele tu.

Alhamisi, 6 Machi
Kapokea!

Kumbe Mhariri Mkuu hupigia mashahidi mwenyewe, tena kwa sauti ya kusikika ofisi nzima. Akampa pole ya kufiwa. Mama mkwe akashangaa, akasema mumewe huyo hapo anakula. Akasomewa sentensi yake. Akauliza nani kaiandika. Akatajiwa jina langu. Kisha akasema pazia hajawahi kushona, Kiingereza kafundisha miaka thelathini, na kwa sentensi hiyo mkwewe angepata sifuri, maana matumizi hayo leo hayaeleweki bila maelezo. Akaomba asomewe na zile kadi nyingine.

Nikatoka kunywa maji. Niliporudi baada ya saa nzima walikuwa bado wanacheka.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu wa meza ya S katangazwa. Mama mkwe! Kaja na mto wake wa kukalia. Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitikia marahaba, akaongeza kwamba hapa yeye ni Mhariri. Halafu, Miwani akisikiliza kwa masikio yote, akataka kujua kama hili ndilo neno nililomsumbulia binti yake Jumanne. Nikasema ni utafiti. Akasema kadi zangu zote nianze upya.

Jumatatu, 10 Machi
Ukurasa mpya! Nimepewa "shy". Mama Mhariri katangaza kwamba kuanzia leo mashahidi wote atawapigia yeye, kwa simu yake mwenyewe. Apige tu. Shahidi wangu ni seremala mstaafu, mwenye haya tangu utotoni. Nimeweka namba ya baba mkwe. Mtu mpole yule, hana maneno mengi. Safari hii hawanipati.