Jinsi Nilivyolituliza Tela

Jumamosi, 7 Juni

Tela limefika! Jeupe, lina jiko, kitanda, hata bafu ambamo ukijikuna kiwiko kinagonga ukuta. Joleen alilizunguka akipapasa madirisha, macho yamejaa machozi. Binti yetu Kirsten anakaribia kujifungua kule Casper, Wyoming. Nyumba yake ni chumba kimoja, na mama mtu ameapa kuishi ndani ya tela hili uani kwake hadi mtoto aanze kutabasamu. Na nitakayempeleka ni mimi. Mimi mume wake, si mwingine.

Nikalifunga kwenye pikapu. Pikapu ikaketi matakoni kama mbwa. Taa za mbele zikawa zinatazama mawingu.

Hapo hapo akatokea Lyle, kaka yake Joleen, mtu mwenye kipaji cha kupita kwetu kila ninapoharibikiwa. Akauliza, “Shemeji, safari ni ya Casper au ya mwezini?” Akacheka peke yake. Kisha akasema nahitaji kiungio cha kugawa uzito kati ya gari na tela, chenye kizuizi cha kuyumba ndani yake, kama chake. Bila shaka! Kila kitu cha Lyle ni cha kuigwa. Nikamwambia asihangaike, nimeshapanga.

Sikuwa nimepanga. Sasa napanga.

Jumapili, 8 Juni

Nimepata! Mbona ni rahisi? Kama ulimi wa tela, ile pua ya chuma inayofungwa kwenye gari, unailemea pikapu, lilemee tela upande wa pili. Bembea tu! Mtoto wa chekechea anajua.

Baada ya ibada Joleen alibaki kanisani akipiga soga na wenzake. Nikapakia magunia ya chumvi ya kulainishia maji, yote niliyokuwa nayo, nyuma kabisa ya tela, chini ya kitanda. Ulimi ukanyanyuka. Pikapu ikasimama wima kama askari kwenye gwaride. Kiungio gani tena?

Joleen akauliza nimefanyaje. Nikamjibu ni mambo ya kitaalamu.

Jumatatu, 9 Juni

Sitaki kuandika haya.

Mwanzoni shwari. Tulitoka kwetu Kearney, Joleen akiimba. Tukafika pale barabara kuu inapoteremka kidogo. Lori kubwa likatupita, upepo wake ukatupiga ubavuni, tela likaanza kutikisa mkia. Kushoto. Kulia. Kila likirudi linarudi na nguvu zaidi, mpaka nikawa sijui nani anamvuta nani. Nikakanyaga breki. Likazidi! Nikaachia kila kitu, nikang'ang'ania usukani, nikaomba. Likapungua. Likatulia. Tukasimama kando ya shamba la mahindi.

Joleen hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliificha mikono kwapani nisiione. Akaniuliza kwa sauti ndogo nimeweka nini kule nyuma.

“Chumvi.”

“Chumvi, Delmar?”

“Ile ya kulainishia maji.”

Akanitazama. “Mjukuu wangu hajazaliwa bado, wewe unataka azaliwe matangani?”

Akashuka, akampigia simu Lyle. Akarudi nyumbani ndani ya gari la kaka yake. Chumvi nikamwachia mwenye shamba, aliyeipokea bila kuuliza swali, labda kwa kuniona uso. Nikarudi mwendo wa kobe, Lyle nyuma yangu na taa zake zinamwekamweka, kama anasindikiza jeneza.

Jumanne, 10 Juni

Joleen ameamua. Jumapili anaondoka na Lyle, kwa gari dogo. Atalala kwenye kochi la Kirsten, na mgongo wake ule! Isipokuwa kama tela litapata kiungio cha maana.

Nikamwuliza kama hanipendi tena. Akanishika shavu. Akasema kunipenda ananipenda, ila nikipata wazo ananitisha.

Nimelimeza neno hilo.

Haya basi, nitanunua. Lakini si kama cha Lyle! Changu kitakuwa kikubwa kuliko cha Lyle.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekipata kwa mzee mmoja nje ya mji, kilichowahi kuvuta tela la kubebea farasi sita. Kina fito mbili za chuma za kupita chini ya ulimi wa tela, nene kama mapaja ya mcheza mieleka. Maana yake, nilivyomwelewa mzee, ni kama mikono ya toroli: ukizikaza, zinainua, na uzito unahama kutoka nyuma ya pikapu kwenda magurudumu ya mbele na mwingine kwenye tela. Vizuri. Na kama kukaza ni kuzuri, kukaza sana si ndiyo kuzuri zaidi?

Nikakaza mpaka jasho likaingia machoni. Tako la pikapu likapanda. Likaendelea kupanda. Nikafurahi!

Nikawasha gari nitoke uani. Magurudumu ya nyuma, yanayosukuma gari, yakawa hayana uzito wa kushika nyasi. Yakazunguka bure. Nikaongeza mafuta. Yakachimba. Pikapu ikateleza kiubavu na kuingia kwenye matuta ya rubabu ya Joleen, mmea wa mabua machachu, uliokuwa unangoja kuvunwa kwa pai.

Lyle alikuwa amesimama getini na kikombe cha kahawa. Chetu! Akasema, “Shemeji, sasa umefika mwezini.”

Joleen akatoka, akaokota mabua ya rubabu yaliyosalimika, akarudi ndani. Nimekula supu ya kopo, nimesimama.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi Joleen aliniamuru nipande gari na nisiseme kitu. Kumbe siku zote hizi amekuwa akisoma habari za viungio huku mimi nikikaza nati.

Kwanza tukapakia tela kama la safari yenyewe: maji, sufuria, nguo, blanketi la mtoto. Kisha tukalipeleka kwenye mizani ya ghala la nafaka. Akapima tela zima. Akapima ulimi wake peke yake. Akajumlisha na vitu tutakavyoweka nyuma ya pikapu, maana navyo vinalemea pale pale. Nikasema hata mimi nilitaka kuanzia hapo. Akaendelea kuandika namba.

Dukani muuzaji akaanza kunieleza mimi. Joleen akamgonga bega. “Baba, niongeleshe mimi. Huyu ananishikia mkoba.” Na kweli nilikuwa nimeushika.

Akakataa fito nyembamba, zitapinda. Akakataa nene, zitatutikisa meno na kuliumiza tela. Akachagua za katikati, zinazolingana na uzito wetu, zenye vibano viwili vya msuguano vya kulizuia tela lisitikise mkia. Mimi nikauliza kama kuna kiungio chekundu. Hakuna.

Tulipofunga, akapima kimo cha bodi ya pikapu juu ya gurudumu la mbele, kabla na baada ya kukaza fito. “Delmar, shika futi.” Nikashika. Mbele palikuwa pamenyanyuka. Pakashuka karibu na kimo chake cha zamani. Joleen akatabasamu. Mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Akampigia Lyle, akamwambia asije. Nilijikausha. Lakini nilisikia vizuri sana.

Jumapili, 15 Juni

Wyoming ina upepo kama una kisasi nasi. Joleen alikuwa ameshika mpini wa mlango, vidole vyeupe. Lori likaja nyuma, refu, lina haraka. Nikakaza meno. Likatupita. Tela likainua bega kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake, likaendelea na safari.

Likaja lori lingine. Tela kimya. Baadaye nikaona mkono wa Joleen umeuacha mlango. Ukafungua chombo mapajani, ukamega pai ya rubabu iliyosalimika, ukanilisha. Akaanza kuimba.

Nimeendesha magari maisha yangu yote. Sijawahi kuendesha vizuri kama leo.

Jumanne, 17 Juni

Msichana! Ana nywele nyingi na hasira. Joleen alikuwepo, alimshika Kirsten mkono mpaka mwisho. Kisha wakanipa mtoto nimpakate. Nikashindwa kuongea, jambo ambalo Joleen anasema liandikwe. Nimeliandika.

Lyle akapiga simu kutupongeza. Nikatumia nafasi hiyo kumweleza kwa kirefu namna nilivyochagua kiungio. Mizani, ulimi, fito za katikati, kila kitu. Akaniomba nirudie tangu mwanzo, polepole. Heshima, nadhani.

Jumatano, 18 Juni

Jirani ya Kirsten anauza mashua! Ya kuvulia samaki, ndogo, nzuri, imekaa juu ya kitela chake chenyewe. Nimeizunguka. Nyuma ya tela letu kuna bampa, na bampa linatobolewa. Pikapu itavuta tela, tela litavuta mashua. Kiungio kilichotuliza la kwanza kitashindwaje na la pili, tena dogo? Lyle hana mashua.

Joleen amesinzia kwenye kochi, mtoto kifuani pake. Wazuri mno, wote wawili. Nimerudishia mlango polepole nisiwaamshe.

Jirani ameniazima keekee ya kutobolea chuma.