Chaza wa Dada na Kovu Langu

Jumatatu, 6 Juni

Iandikwe wazi, kwa faida ya watakaokuja: hakuna binadamu aliye hai anayewajua chaza kunizidi mimi. Maprofesa wanawasoma vitabuni. Mimi nimepigana na mmoja! Mkubwa kama beseni. Hapana, kama kitanda. Alinibana mguu chini ya maji saa nzima. Kovu ninalo, kisigino cha kulia. Mwenye shaka aje aone.

Ndiyo maana leo nimedhalilishwa. Mpwa wangu, muuguzi, ameondoka kwenda mafunzo ya juma zima. Kabla ya kutoka akagawa kazi za tangi la samaki la marehemu mama yake. Baba yake, yaani shemeji yangu: kuwasha taa, kupima chumvi, kuongeza maji yaliyopungua. Mimi: kutazama. Kutazama! Mjomba, wewe mtazame chaza tu, usimguse. Ameniambia mara mbili, kama mtoto aliyesogelea jiko.

Tangi liko sebuleni, mkabala na kochi ninalolalia. Nilikuja msibani kwa siku tatu. Huu mwezi wa nne. Hakuna aliyeniuliza, nami sijamuuliza mtu.

Ndani mna matumbawe, samaki wanne, na juu ya jiwe la kati, chaza wa Dada. Upana wake sahani. Midomo ya buluu yenye madoa ya kijani, imejikunjakunja kama pindo la gauni. Dada alimlea miaka kumi na miwili. Alipokuwa hajiwezi, kitanda chake kililetwa hapa sebuleni ili amwone. Ukipitisha mkono mbele ya kioo, chaza anafumba. Kivuli kikiondoka, anafumbua. Mpwa wangu anasema ni kama mama bado anamkonyeza. Nimemwambia asiseme maneno hayo watu wakiwa wanakula.

Jumanne, 7 Juni

Janga! Alfajiri, kabla taa za tangi hazijawashwa, nimewaona: konokono weupe, wadogo kama punje za mchele, wamejipanga ukingoni mwa gamba wanamnyonya. Nikapiga yowe. Shemeji akatoka na shuka kiunoni.

Hakushtuka. Alifungua daftari la Dada la mambo ya tangi, lile la jalada la kijani, akasoma. Dada anasema wadudu hao hujificha mchana chini ya gamba, giza likiingia wanapanda. Watolewe kila alfajiri mmoja mmoja, mayai yao yasuguliwe kwa mswaki laini palepale alipo, hata mwezi mzima, mpaka waishe. Subira, ameandika. Amepigia mstari.

Shemeji ni fundi saa. Akaleta kibano chake cha kazini na ile lenzi ya kubana jichoni, akazamisha mkono hadi kwapani. Ametoa kumi na wanne. Kila mmoja anamlaza kwenye kifuniko cha chupa kana kwamba atamrudisha ndani ya saa ya mtu. Nikamwambia kwa mwendo huo chaza atapata mvi. Akasema taratibu shemeji, kwani tunakwenda wapi. Nikaomba kibano. Akasema mimi ni mtazamaji.

Nikamsimulia upya habari ya mguu wangu, ajue anazungumza na nani. Akaniambia mwaka jana ulikuwa mguu wa kushoto. Hawa watu wa saa! Hawasahau kitu.

Jumatano, 8 Juni

Nimekwenda kwa muuza samaki wa mapambo. Nikajitambulisha kama mtaalamu. Rafuni nikaona chupa ya dawa yenye picha ya konokono aliyekufa, miguu juu kama angekuwa nayo. Nipe mbili, nikasema. Akauliza tangini mna nini. Nilipomwambia, akarudisha chupa rafuni. Dawa ile ina shaba. Inaua konokono, na chaza ni ndugu yake wa ukoo mmoja, kwa hiyo itamuua naye, na matumbawe pia. Atakayebaki ni wewe mzee, akasema, na hata wewe sina hakika. Wateja wakacheka! Nikavua kiatu, nikaonyesha kovu. Akainama, akalitazama, akasema chaza hana meno, hilo ni kovu la kitu chenye makali. Duka lile sikanyagi tena.

Nyumbani, shemeji leo ametoa tisa. Anajisifu kwa kunyamaza.

Jambo jingine. Akiwatoa wale konokono, huwa anaongea. Nimemsikia nikijifanya nimelala. Leo wamepungua, alimwambia chaza. Binti yako amefika salama. Mdogo wako yupo, anakula vizuri.

Mimi hanisemeshi hivyo. Na mimi ndiye damu ya Dada!

Alhamisi, 9 Juni

Nimeamka na mpango. Kwa nini kuwatoa punje kwa punje? Mng'oe chaza mzima, mtie kwenye beseni, maji ya bomba, mswaki, sugua juu na chini. Dakika tano, kazi ya mwezi imekwisha. Mpwa wangu akirudi atasema, Mjomba, kumbe! Shemeji atarudisha kibano chake kazini.

Saa mbili shemeji ametoka. Saa mbili na dakika moja mkono wangu umo majini. Chaza akafumba. Nikavuta. Hakuja. Kumbe chini ana mguu wenye nyuzi kama katani, amejifunga nao kwenye jiwe. Nikamwambia, bwana mdogo, mimi nimewashinda wakubwa zako. Nikapanda juu ya kigoda, nikavuta kwa mikono miwili.

Akaachia. Ilitoka sauti ndogo, kama kitambaa kilicholowa kinapochanika. Kwenye jiwe kikabaki kipande cheupe, ukubwa wa kidole gumba.

Nikasugua. Konokono thelathini na mmoja! Kwa mkupuo! Nikawapanga kwenye sahani, shemeji aje awaone. Chaza nikamrudisha juu ya jiwe. Ameegemea upande. Anapumzika.

Baadaye: kile kipande cheupe kimeliwa na samaki. Sahani nimeificha.

Jumamosi, 11 Juni

Yuko mdomo wazi. Napitisha mkono, hafumbi. Napitisha kofia. Napitisha mto wa kochi. Hafumbi.

Shemeji akauliza nani amemgusa. Nikasema labda ni mwezi, chaza wanaujali sana mwezi. Hakubisha. Akaingiza mkono, akapapasa jiwe pale ulipokuwa mguu. Akautoa, maji yanamchuruzika kiwikoni. Kisha akachukua daftari, akafungua ukurasa wa mwisho, akaniwekea magotini. Akaenda kukaa jikoni.

Mwandiko wa siku zile za kitandani, herufi kubwa zinazotetemeka. ASIVUTWE KAMWE. AKING'OKA MGUU HAPONI. MDOGO WANGU ASIACHWE NAYE PEKE YAKE, ATAMVUTA.

Chini yake, kwa herufi ndogo: Na akimvuta, asigombezwe.

Miezi minne nalala hatua tatu kutoka kwenye daftari hili. Sikuwahi kulifungua. Nilisema silihitaji.

Jumapili, 12 Juni

Amekufa. Shemeji alimtoa upesi kabla maji hayajaharibika na kuwaua wengine. Ningefurahi angenitukana.

Binti anarudi jioni. Mpango mpya: gundi! Nikayaosha magamba, nikayabandika, nikayarudisha juu ya jiwe. Kwa mbali unaona chaza amelala, basi. Shemeji akasimama nyuma yangu, akatazama. Akasema ungeyaacha wazi kidogo, hivyo yamefumba kama sanduku. Nilidhani anatania. Nikageuka. Hakuwa anatania.

Mpwa wangu aliingia, mkoba bado begani, akapitisha mkono mbele ya kioo. Akapitisha tena. Akasema, Mjomba.

Nikamweleza yote. Konokono walikuwa mia tatu. Mmoja mkubwa kama ngumi! Nilipambana nao mpaka nguvu zikaniishia. Alinisikiliza hadi mwisho, kama wauguzi wanavyowasikiliza wagonjwa wenye homa. Akamtazama baba yake. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Jumatano, 15 Juni

Mpwa wangu ameyabandua magamba. Moja amempa baba yake, anawekea skrubu za saa. Moja amenipa mimi. Nimeliweka kwenye mkono wa kochi, upande wa kichwani.

Chaza mpya amewasili, wa kijani, mdogo kama kiganja cha mtoto. Muuza samaki amemleta mwenyewe. Nikamsimulia nilivyomlea yule wa kwanza miaka kumi na miwili. Kazi zimegawanywa upya. Mimi: kutazama, kutokea kwenye kochi. Na tayari nimeona punje moja nyeupe! Shemeji anasema ni mchanga. Mchanga gani! Mswaki na kibano vitatuchelewesha. Huyu bado hajashika jiwe sawasawa, kumtoa ni kazi ya sekunde. Kesho saa mbili shemeji anakwenda kazini.

Jioni mpwa wangu alikaa karibu nami. Akasema kila alipomuuliza mama yake habari ya kovu langu, mama alicheka tu, akamwambia muulize mwenyewe. Basi ananiuliza. Nikamwambia: chaza, mkubwa kama nyumba, mguu wa kushoto. Akacheka, mara ya kwanza tangu Jumapili. Mguu niliokuwa nimemnyooshea ulikuwa wa kulia.

Nitaandika hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma. Lilikuwa kopo la maziwa. Nililiiba jikoni, nikalilamba, nikalificha chini ya kitanda, nikasahau, nikalikanyaga. Nilikuwa na miaka tisa. Nililia mpaka nikajikojolea. Dada alinifunga kisigino kwa soksi yake ya shule, akafuta sakafu, akaniambia tukiulizwa tuseme ni chaza. Yeye ndiye aliyeutunga uongo huo, na ni yeye peke yake aliyejua. Mimi baharini sijawahi kuingia kupita magoti.